Kioo Kutetemeka Si Mziki

Leo hakuna video. Nimeamua kuandika, kwa sababu nikiweka hii kwa video mtaangalia sekunde kumi mkitafuta mahali base inaingia, halafu mnaenda.

Video yangu iliyotazamwa sana kuliko zote ni uongo. Mnaijua. Probox nyeupe imeegeshwa Skuta, kioo cha nyuma kinatetemeka mpaka namba ya gari inacheza, chupa ya soda iko juu ya paa na soda inaruka. Mimi nimesimama kando nacheka kama mtu ameshinda uchaguzi. Komenti zote ni moto, moto, moto.

Kitu sikuwaonyesha ni ndani. Ungeingia kwa hiyo Probox ukae kiti cha dereva, hungeskia neno hata moja la mwimbaji. Ungeskia pipa likigongwa nyuma ya kichwa chako, na mbali huko mlangoni kitu kinapiga kelele kama redio ya jirani. Hiyo ndiyo mimi niliita "sound".

Wiki mbili baadaye kijana mmoja wa Kerugoya, amemaliza fomu four juzi tu, akaniandikia. Alikuwa ametumia 52,000, pesa ya kibarua ya miezi nane, akanunua vitu kama vyangu na kuviweka kwa Vitz ya mjomba wake. Swali lake lilikuwa fupi: "Bro, mbona yangu inaskika vibaya?" Sikumjibu siku tatu. Ningemwambia nini? Kwamba hata yangu inaskika vibaya?

Hii post ndiyo jibu lake. Na kama unapanga kutoa pesa kwa sabwufa mwezi huu, ni yako pia.

Wacha nimalize kwanza kujianika. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilishinda mzee, hiyo si siri hapa. Pesa yangu ya kwanza ya maana nilipata kwa kushuti video za harusi, na 46,000 ya hiyo pesa ikaingia kwa duka la sauti. Sabwufa mbili, amplifaya, nyaya. Sauti ilikuwa mbaya, nikarudi. Fundi akaniambia, "Kijana yangu, wati hazitoshi, ongeza." Nikaongeza. Ikawa mbaya zaidi, sasa kwa nguvu.

Hiyo Probox si yangu, ni ya mzee. Inabeba kabichi kutoka Kieni hadi soko la Karatina. Asubuhi moja saa kumi gari ikakataa kuwaka. Betri ilikuwa imekauka, kwa sababu usiku uliopita mimi na maboyz tulipiga ngoma injini ikiwa imezimwa. Kufika Karatina saa mbili na nusu, wanunuzi wa jumla walikuwa wamejaza malori na kwenda. Mzee akauza kabichi kwa bei ya kutupa. Hakunifokea. Alisema tu, "Hiyo radio yako inakula kuliko ng'ombe." Ningependa angenifokea.

Sasa tuongee ukweli. Mlima wote huu, kutoka Nyeri hadi Nanyuki, Embu hadi Meru, vijana tunauziwa kitu kimoja: wati. Na wati ndio mahali rahisi pa kudanganya mtu.

Amplifaya yangu ilikuwa imeandikwa 3,000 kwa sanduku. Siku moja nikaangalia fyuzi zake. Mbili, kila moja ampia 30. Zidisha: ampia 60 mara volti 14 za gari likiwa linawaka ni wati 840. Hizo ndizo zinaweza kuingia kwa mfululizo kabla fyuzi ikatike, na zingine zinapotea kama joto. Hakuna kifaa duniani kinatoa nguvu kuliko ile imeingia. Hizo 3,000 zilikuwa za rangi ya sanduku. Kwa hivyo ukienda dukani usisome kibandiko, soma fyuzi.

Na hata zingekuwa za kweli. Ukitoka wati 500 uende wati 1,000, umeongeza desibeli 3. Basi. Ili skio lako liseme "hii sasa ni mara mbili", unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Hiyo nguvu utaitoa wapi? Altaneta ya gari dogo haikutengenezwa kuendesha disko. Inalisha taa, waipa, injini na betri, na wewe umeiongezea jenereta ya kulisha.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na niko tayari kupigwa mawe: kijana mwenye pesa kidogo asinunue sabwufa ya pili, asinunue amplifaya kubwa. Anunue DSP, ile inayojitegemea, kisanduku chake peke yake katikati ya redio na amplifaya. Hicho ndicho kifaa kinachukua sauti, kinaigeuza kuwa namba, kinapiga hesabu, halafu kinatuma kwa kila spika kile inafaa kupata, na kwa wakati inafaa kupata. Hilo neno wakati ndilo hakuna mtu wa kaunta amewahi kuniambia.

Chukua futi. Kaa kwa kiti cha dereva, upande wa kulia kama kawaida yetu. Mimi nilipima Probox: kutoka kichwa changu hadi spika ya mlango wa kulia ni sentimita 90. Mlango wa kushoto, 140. Sabwufa kule buti, 210. Kwa baridi yetu ya hapa, tuseme digrii 18, sauti inasafiri kama mita 342 kwa sekunde, yaani karibu sentimita 34 kwa kila milisekunde. Kwa hivyo sauti ya mlango wa kushoto inanifikia milisekunde moja na nusu baada ya ile ya kulia, na sabwufa inakuja milisekunde tatu na nusu baada ya kulia.

Utasema milisekunde moja na nusu ni nini? Ubongo unaijua. Mwaka 1949 Mjerumani anaitwa Helmut Haas aliandika juu ya hii kitu: sauti mbili zinazofanana zikifuatana kwa milisekunde chache tu, skio linaamini zote zimetoka kwa ile iliyofika kwanza. Ndio maana kwa gari lako mwimbaji anaishi kwa goti lako la kulia. Hajasimama mbele yako. Ako kwa mlango.

Na iko mbaya kuliko hiyo. Tofauti ya milango yangu miwili ni nusu mita. Wimbi la sauti ya hezi 340 lina urefu wa kama mita moja. Sauti ikichelewa nusu ya urefu wake, spika moja inasukuma hewa wakati ile ingine inavuta, na zinauana pale pale kwa kichwa chako. Sasa uliza, kwa hezi 340 kuna nini? Kuna sauti ya binadamu. Kuna gitaa la mugithi. Kile kitu ulipenda kwa wimbo kinapotea, halafu unaenda kwa ikwalaiza unapandisha hapo. Unapandisha kulia na kushoto pamoja, na zinaendelea kuuana pamoja, ila kwa nguvu zaidi. Fundi anakuambia ongeza wati. Unaona vile pesa inaenda?

Dawa ni kumchelewesha wa kulia milisekunde moja na nusu ili wafike pamoja. Ni bure. Haili betri. Haitetemeshi kioo. Lakini inahitaji kifaa kinachojua kuchelewesha kila spika peke yake.

Najua mtasema nini. Wacha nijibu moja moja.

"Redio yangu ya Android iko na DSP, imeandikwa." Sawa. Redio za Japani zinakuja na FM ya huko, inaishia karibu na mahali yetu inaanza, kwa hivyo wengi wetu tulishabadilisha tukaweka za Android. Ingia kwa mipangilio yake uangalie mambo mawili. Je, inaweza kuchelewesha kulia na kushoto tofauti? Inaweza kuchelewesha twita peke yake na spika ya mlango peke yake? Kama ya kwanza ni ndio, itumie leo kabla ununue chochote, sijakataa. Lakini nyingi zinakupa mbele, nyuma na sabwufa, inaishia hapo. Na siku redio imekufa, au umeuza gari nayo, kazi yako yote imeenda nayo.

"Si kuna amplifaya zenye DSP ndani?" Ziko, na zingine ni nzuri. Lakini fikiria maisha yetu. Kitu cha kwanza kuungua kwa mfumo wa kijana ni amplifaya. Ikiungua na akili iko ndani, umezika mbili kwa jeneza moja. Kisanduku kinachojitegemea unakitoa kwa Probox, unakiweka kwa Demio, kesho kwa Fielder. Amplifaya unabadilisha pole pole vile pesa inapatikana. Kwetu sisi tunaojenga kidogo kidogo, hiyo ndiyo hesabu.

"Fundi wangu anatuni kwa maskio." Namheshimu fundi, na kazi ya kupitisha nyaya safi ni kazi. Lakini skio ambalo limekaa kwa kelele tangu asubuhi limechoka, na skio lililochoka linaongeza twita kila saa. Pima kwanza, halafu skio liseme la mwisho.

"Hiyo ni ya matajiri." Hii ndiyo inaniuma. Mimi nilitumia 46,000 kwa kelele. DSP yangu nilinunua ya mitumba kutoka kwa mtu aliyekuwa anauza gari Nanyuki, 21,000, na nikauza sabwufa moja kuilipia. Utajiri uko wapi hapo?

Sasa vile utachagua. Sitakupa orodha ya "bora kumi", hizo tunazijua zinalipwa na nani. Nakupa maswali.

Swali la kwanza: uko na spika ngapi? Hesabu kabla ya kuangalia bei. Twita mbili, milango miwili, sabwufa moja: hizo ni njia tano za kutoka. Kifaa chenye njia nne kitakubana, sita kitakutosha, nane kitakupa nafasi ya kukua. Usinunue kumi na mbili kwa sababu namba ni kubwa. Hiyo ni ugonjwa wa wati umevaa shati mpya.

Swali la pili: sauti itaingia vipi? Kama umebaki na redio iliyokuja na gari, hakikisha kifaa kinakubali waya za spika moja kwa moja. Kama redio yako ina njia ya mwanga, tafuta kifaa chenye hiyo, kelele ya altaneta haipiti hapo.

Swali la tatu: ikwalaiza yake ni ya aina gani? Wauzaji wanapenda kusema "vidude 31". Mimi nachukua kumi ninavyoweza kusogeza popote, niamue upana wake na kina chake, tena kwa kila spika tofauti, kuliko 31 vilivyogandishwa mahali pamoja. Na ukishapata, punguza vilima, usijaze mashimo. Shimo lililotokana na spika mbili kuuana halijazwi na ikwalaiza, nimeshaeleza.

Swali la nne: krosova. Twita haitaki base, itaungua. Mlango mdogo hautaki base ya chini kabisa, utakohoa. Unataka kifaa kinachokuruhusu kukata kwa kila njia, na kukata kwa mwinuko mkali wa desibeli 24 kwa kila oktavu. Huo mkato wenye jina la Linkwitz na Riley, wahandisi wawili wa Hewlett-Packard wa miaka ya 1970, ndio utaona kwa programu nyingi. Kuna sababu umedumu: spika mbili zikikutana hapo, na zikifika pamoja, zinaunganika bila kuacha bonde wala kilima. Anza na 80 kwa sabwufa na mlango, twita karibu 3,000 au juu zaidi kama ni ndogo, halafu sikiliza.

Swali la tano, na hapa wengi wanaumia: utaiongoza na nini? Watengenezaji wengi wanaweka programu yao bure kwa tovuti. Ipakue kabla hujalipa. Ifungue kwa laptopu unayo, hiyo hiyo ya zamani. Ikikataa kufunguka, au ukikaa nayo jioni nzima huelewi, umejiokoa pesa. Angalia pia kama ina kumbukumbu za mipangilio kadhaa. Hii ni muhimu, kwa sababu ukipanga muda kwa dereva, abiria wa kushoto anaumia. Mimi niko na mbili: ya nikiwa peke yangu, na ya watu wote.

Majina? Sawa, kwa sababu mtauliza. Dayton Audio DSP-408 ina njia nne za kuingia, nane za kutoka, na ikwalaiza ya vidude kumi kwa kila njia ya kutoka. Kwa mtu anayeanza, hiyo inatosha, hata kama wakubwa wa Nairobi watakucheka. miniDSP C-DSP 6x8 ni sita kuingia, nane kutoka, kwa anayetaka kucheza na hesabu zaidi. Helix ya Ujerumani na AudioControl ya Marekani ziko juu ya mfuko wangu, nikizipata nitawaambia. Hakuna aliyenilipa hapa. Siku nitalipwa nitaandika kwa mstari wa kwanza.

Lakini DSP bila maikrofoni ya kupimia ni kama kununua cherehani bila futi. UMIK-1 unachomeka kwa laptopu, na kila moja ina faili yake ya kusahihisha kulingana na namba yake. Programu ya kupima inaitwa REW, ya John Mulcahy, na toleo la kawaida ni bure. Kama huwezi kununua maikrofoni, nunueni watu watano pamoja. Tunachangia harusi za watu hatuwajui, tushindwe kuchangia hii?

Na ukiweka, tafadhali, usiweke chini ya kiti cha mbele. Mvua ya Aprili, matope ya viatu, maji yanaingia kwa zulia. Mimi nilikaushia yangu kwa mchele siku mbili. Iweke juu, mahali pakavu, na waya ya ardhi iwe fupi na ifungwe kwa chuma kilichosuguliwa rangi.

Kuna jambo la mwisho, na hili si la pesa. Bro yangu mkubwa amekuwa konda miaka sita, barabara ya Nyeri–Nairobi. Ana miaka 29. Mathe akimwita kutoka jikoni, lazima amwite mara tatu. Tunacheka, tunasema amekuwa mjeuri. Si ujeuri. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 unaweza kuvumilia saa 40 kwa wiki; ukifika 90, ni saa 4 tu. Saa nne kwa wiki. Bro yangu anazimaliza Jumatatu kabla ya chai ya saa nne. Kenya iko na kanuni za kelele tangu 2009, na tunajua vile zinafuatwa. Sisemi mathree zinyamaze, mathree bila ngoma ni ambulensi. Nasema mfumo uliopangwa vizuri unaskika wazi kwa sauti ya chini. Sisi tunapandisha kwa sababu hatuskii maneno, na hatuskii maneno kwa sababu spika zinauana. Tunalipa na maskio yetu kosa la milisekunde moja na nusu.

Nilipomaliza kupanga Probox nilimpeleka guka kliniki Nyeri mjini. Nikaweka Joseph Kamaru, sauti ya chini kabisa, guka hapendi makelele. Nilikuwa nimeweka ule mpangilio wa watu wote. Tulipofika King'ong'o akainama, akaangalia dashibodi, akauliza spika imewekwa wapi, mbona Kamaru ako hapo kwa kioo. Hapo hakuna spika yoyote. Nilimwambia ni hesabu. Akasema basi chuo hukuacha bure yote.

Yule wa Kerugoya alikuja wikendi iliyopita. Hatukununua kitu. Tulishusha geini ya amplifaya yake, tukakata base kwa milango, tukapanga muda kwa redio yake ya Android kulia na kushoto, na tukazima vibonyezo vyote vya kuongeza base. Sabwufa moja tukaitoa, anaiuza. Ile pesa itakuwa mwanzo wa DSP. Alikaa kwa kiti dakika kama kumi hasemi kitu, anarudia wimbo mmoja.

Ile video ya kioo sijaifuta. Nimeibandikia hii post juu ya komenti zote, ili mwingine akiona soda ikiruka asome kabla ya kutoa pesa ya kibarua. Wewe leo anza na futi. Pima kulia, pima kushoto, toa, gawa kwa 34. Niandikie umepata ngapi.